"Akageuka mweupe kama karatasi": uzi wa adabu, haya na nyuso zinazosawijika

Mhariri Njaa (mleta uzi)

Heshima kwenu wakuu.

Nina jambo limenikaa kooni tangu juzi, nimeona nilitoe hapa kabla sijakosana na mtu anayenilipa. Kazi yangu ni kunyoosha tafsiri. Hadithi inaletwa imeshatafsiriwa, mimi naipiga pasi, naondoa mikunjo, narudisha. Sasa juzi nimeletewa hadithi ambayo mambo yake yote yanatokea Kilwa Kivinje, ila mwandishi aliiandika kwa Kiingereza. Ukurasa wa pili tu, bibi anasomewa barua ya msiba, mtafsiri kaandika: "Bibi akageuka mweupe kama karatasi." Mistari minne chini yake mjukuu anajitoma ndani kwa watu, anachota chakula, na mama yake anamkemea: "Onyesha tabia njema tafadhali!"

Nikaweka kalamu chini.

Bibi wa Kilwa anageukaje mweupe? Na hata tukiacha rangi ya ngozi, neno lenyewe limeshapewa kazi nyingine mtaani. Ukisema fulani ni mweupe, ama hana hela ama hana kitu kichwani. Mwanafunzi akitoka kwenye mtihani akakwambia "nilikuwa mweupe pe", humuulizi kama aliogopa, umeshajua hakusoma. Kwa hiyo msomaji wa Mbagala ataelewa kwamba bibi kapata barua akaishiwa pesa.

Halafu mama gani wa Kilwa anamkemea mwanawe kwa "tafadhali"? Na tabia mtoto anayo tayari. Mbaya, ndiyo hiyo anayoionyesha.

Nikarekebisha. Bibi "akasawijika". Mama akasema, "Huna haya wewe?" Nikatuma. Jana kazi imerudi na maneno mawili kwa wino mwekundu. Kwanza, "kusawijika" ni neno la makaburini, hakuna anayelijua. Pili, hapa mwandishi anazungumzia adabu, wewe umeleta aibu, hivyo ni vitu viwili.

La kwanza tutalimaliza kirahisi. La pili ndilo limenifungulisha uzi, maana mimi nadai si vitu viwili. Kiswahili kimejenga adabu yake karibu yote juu ya haya, na haya kimeiweka usoni. Methali inasema uso umeumbwa na haya. Haikusema moyo, haikusema kichwa. Ndiyo maana maneno ya adabu na maneno ya uso kupotewa na rangi nayaona yamepanga nyumba moja.

Karibuni mnisulubu.

Dogo Mjanja

Nimeweka kambi hapa. Ila mkuu, sawijika kweli ni la makaburini. Mimi mtoto wa Temeke, sijawahi kulisikia. Sisi tunasema "kapauka", basi, biashara imeisha.

Mhariri Njaa

Dogo, kupauka ni jambo jingine kabisa, na wewe unalijua kuliko mimi, hujakaa tu ukalifikiria.

Nikupe mfano wa nyumbani kwetu. Siku ya kwenda kusalimia watu, mama alikuwa anakaa mlangoni na kichupa cha mafuta ya nazi. Hakuna aliyepita bila kukaguliwa miguu. Ukijifanya mjanja ukapaka magotini tu, anakushika kisigino anakizungusha kama fundi saa. "Umepauka kama umetoka mashine ya kusaga! Unataka watu waseme huna mama?" Anakusugua mpaka unang'aa, ndipo unaruhusiwa kwenda kusema shikamoo.

Sasa tazama hapo. Aliyepauka ni mimi, atakayeona haya ni yeye. Na hakuna aliyeogopa wala kuumwa. Kupauka ni kukosa mafuta, kukosa maji, kukosa mng'ao. Ngozi hupauka wakati wa kipupwe, majani hupauka kiangazi, nguo nyeusi hupauka juani. Mtaani mmelivuta mkaligeuza kuwa kukosa pesa, na mko sawa, maana asiye na pesa hana mafuta. Mtu anaweza kupauka miaka kumi mfululizo na afya yake nzuri tu.

Kusawijika kunampata mtu. Jana ulimwona mzima, leo sura imebadilika. Homa, au kilio, au habari mbaya, au mawazo ya usiku kucha. Uso unapotewa na nuru, unakuwa kama wa mtu mwingine. Linatamkwa kusawajika pia, na yote mawili utayakuta yameandikwa.

Kufifia ni kwa taa, sauti, kumbukumbu, matumaini, ndipo na rangi nayo ikaingia.

Kuchujuka sasa ndilo tamu. Hilo ni la nguo. Bibi yangu akienda kununua kanga alikuwa analamba kidole, anasugua pindo, kisha anakipangusa kidole kwenye kitambaa cheupe alichoficha mkobani. Kidole kikiacha alama, kanga inarudishwa: "Hii inachuja." Akinunua, usiku huohuo anailoweka kwenye maji ya chumvi rangi ishike. Kanga inayochuja ni ile inayotoa rangi kwenye maji. Iliyochujuka ni ile iliyokwisha kuitoa yote, hata jina lake chini husomi tena. Kutoka hapo likahamia kwa watu: mwanasiasa kachujuka, mwimbaji kachujuka, yaani bado yupo ila rangi imebaki kwenye beseni.

Kwa hiyo ukiniambia bibi aliposikia msiba "alipauka", nitauliza mafuta yalikwenda wapi.

Mtu wa Chake

Assalaam alaykum jamaa.

Makaburi gani hayo? Kwetu Pemba neno hilo hulala na kuamka nasi. Mtu akikutana nawe njiani asubuhi, kabla ya jingine: "Mbona umesawajika hivyo, una homa?" Na si lazima iwe rangi. Mwanamke aliyefiwa akatoka eda husemwa kasawajika, maana ile haiba ya uso imemtoka.

Umesahau kukwajuka. Hilo ni la kitu kilichochakaa mng'ao wake: rangi ya mlango, picha ya ukutani, na uzuri wa mtu ukiondoka na umri. Aliyesawajika yumkini akapona, uso ukarudi. Aliyekwajuka ndio kwisha tena.

Na ukitaka neno la mtu aliyepungukiwa na damu, wazee walikuwa nalo kabla ya zahanati: safura. Ni maradhi ya minyoo inayofyonza damu tumboni, mtu anakuwa hana rangi, miguu inavimba, wengine wanatamani kula udongo. Neno ni la Kiarabu, asili yake ni umanjano, umanjano wa nyongo. Yaani huko kwa Waarabu ni njano, kwetu likawa kukosa damu. (Kuna na mabinti waitwao Safura. Hilo ni jina la mke wa Nabii Musa, msije mkawatania bure.)

Nesi wa Zamu

Wakuu, mimi nasomaga tu jukwaa hili bila kuchangia, ila leo mmenigusa kazini kwangu.

Nilikuwa zahanati ya kijijini, Kanda ya Ziwa. Kaja mama na mtoto wa miaka miwili hivi, tatizo kikohozi. Kikohozi chenyewe cha kawaida. Lakini utaratibu wetu kwa mtoto yeyote ni kufungua kiganja chake, kukilaza juu ya changu, na kulinganisha. Nikakifungua. Kiganja cheupe kama ugali wa sembe. Nikavuta kope ya chini, ndani nako hakuna wekundu.

Nikamuuliza mama, mtoto yuko hivi tangu lini? Akatabasamu. Akaniambia majirani wote wanasema mwanawe anazidi kuwa mweupe, kawa mzuri, anamfuata babu yake mzaa baba.

Tulipima wingi wa damu, ikaja gramu 4.6 kwa desilita. Ilikuwa malaria, imemla taratibu huku watu wakipongeza. Alipelekwa hospitali siku hiyohiyo akaongezewa damu, akapona, mpaka leo mama yake akiniona anainama hadi chini.

Tangu hapo mzazi akisema mtoto amekuwa mweupe namuuliza: mweupe wapi, usoni au viganjani? Kwenye ngozi nyeusi uso unaweza ukakudanganya. Kiganja, ndani ya kope, ulimi na kucha havidanganyi kirahisi. Kwa mjamzito, damu ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita tunaanza kushughulika, ikishuka chini ya 7 hapo hatulali.

Ndiyo maana na mimi "mweupe kama karatasi" siitaki, mleta uzi. Neno weupe kwetu limeshakuwa sifa. Mtu anasifiwa kwa ugonjwa.

Halafu kuhusu adabu na uso, kuna jambo nililijifunza wodini hakuna kitabu kilichoniambia. Mzee wa miaka sabini huwezi kumvuta kope tu kama mtoto. Kumshika mtu mzima uso ni jambo zito. Nasema kwanza, "Baba, niwie radhi, naomba nikuangalie jicho," nasubiri aseme "haya mwanangu", ndipo mkono unakwenda. Kuna mwenzangu alimvuta mzee kope bila kusema neno. Yule mzee alikubali dawa kutoka kwa kila mtu pale isipokuwa yeye.

Dogo Mjanja

Dada nesi umeua. Na hiyo "haya mwanangu" ya mzee ni haya ipi sasa? Maana mama yangu husema: "Haya! Haya huna?"

Mtu wa Chake

Hizo ni mbili, mdogo wangu. Ya kwanza ni ya kuharakisha na kuridhia, "haya, twende". Ya pili ndiyo ya usoni. Sauti moja, ukoo mbalimbali. Mama yako anajua Kiswahili.

Mwalimu wa Kilifi

Hamjambo wanajukwaa. Naandika kutoka Pwani ya Kenya, nafundisha Kiswahili shule ya upili, na nina jambo la kumuunga mkono mleta uzi na jingine la kumpinga.

La kumuunga mkono. Tazama maneno yenyewe yalikotoka. Heshima ni hishma ya Kiarabu, na hishma kule si kumtukuza mtu, ni haya, ni kujistahi. Sisi tumeipokea tukaigeuza: ilikuwa kitu anachokuwa nacho mwenye aibu, ikawa kitu anachopewa mwenye cheo. Staha nayo na kustahi zimetoka kwenye kitenzi cha kuona haya, ni ndugu wa damu wa haya yenyewe. Hata kutahayari, ambako kwetu ni kuona aibu mbele za watu, kwa Waarabu ni kuduwaa, kutojua ushike lipi. Ukimwangalia mtu aliyetahayari utaona maana zote mbili ziko usoni pake kwa pamoja.

Na kabla ya jahazi lolote kutia nanga tulikuwa na soni. Hili ni letu la Kibantu na limeenea hata linashangaza. Wakikuyu wana thoni, Wakamba nthoni, Waganda ensonyi, Wanyarwanda isoni, na wasemao Lingala nsoni. Kwa Wakikuyu thoni imezaa neno la wakwe: athoni. Mwanamke anayeitwa Muthoni anabeba jina lenye maana ya mkwe, na ndani yake mna haya. Mkwe ni mtu unayemwonea haya, na hiyo ndiyo heshima yake. Yeyote aliyewahi kujibanza ukutani apishane na mama mkwe kwenye ukumbi mwembamba hahitaji maelezo zaidi.

Sasa la kukupinga. Adabu yenyewe haimo katika hesabu yako. Adab ya Kiarabu ni malezi na maarifa, na ndilo neno wanalotumia mpaka leo kwa fasihi. Mtu wa adab ni aliyesoma akafundwa. Huko hakuna aibu, kuna mafunzo. Kiswahili kimelitunza hilo: tunasema kumtia mtu adabu, kushika adabu, na kumtia adabu mara nyingi kunakuja na kiboko. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa wasia mwaka 1858, alitanguliza dini, kisha akaweka adabu ya pili, pamoja na ulimi mwema. Alikuwa anafundisha. Mtu hafundishi kitu ambacho uso umeumbwa nacho.

Jibu hapo.

Mhariri Njaa

Mwalimu umenikamata, nimekaa na swali lako tangu jana usiku.

Nakubali nusu. Adabu inatiwa, haya mtu huwa nayo au hana. Mtoto anafundwa aseme shikamoo, abishe hodi, asile akisimama, apokee kwa mkono wa kulia, asiingilie mazungumzo ya wakubwa. Hiyo ni orodha, inafundishika. Lakini sikiliza tunavyomkemea aliyeivunja. Hatumwambii "hujui". Tunamwambia "huna". Huna adabu, huna haya, huna soni, huna hata chembe ya aibu. Asiyejua hesabu tunasema hajui hesabu. Asiyesalimia tunasema hana adabu, kana kwamba ni kiungo alichozaliwa bila nacho.

Utasema mbona tunasema "unanitia haya". Tunasema, ndiyo, lakini angalia nani anayetiwa. Anayesema hivyo ni mzazi, naye ndiye anayepata haya, kwa sababu mtoto hakuwa nayo ya kutosha ikabidi mama alipie. Ni miguu yangu iliyopauka ileile.

Ila sawa, adabu nimeitoa kwenye nyumba nikaipangishia ya jirani, ukuta mmoja.

Lingine nililotaka kusema ni kwamba haya ya Kiswahili haina rangi sana, ina mkao. Mtafsiri huyuhuyu ukurasa wa kumi na moja ameandika "akawa mwekundu kwa aibu". Sisi mtu akiaibika uso unamshuka, anainama, anatazama vidole vya miguu, anachora chini kwa kidole gumba. Ananywea. Hilo nalipenda kuliko yote: mtu alikuja amevimba, ametunisha kifua, akaulizwa swali moja mbele za watu, akanywea. Unamwona akipungua kwenye kiti. Kinyume chake ni mkavu wa macho. Huyo ukimkuta na kuku wako mkononi anakuuliza bei ya mchele.

Dogo Mjanja

😂😂 Mkavu wa macho yupo mtaani kwetu, tena jina lake naanza kuliandika nafuta.

Mimi niseme moja tu. Kwetu ukiitwa na mtu mzima ukajibu "nini?" umeshapigwa kabla hujajua umeitiwa nini. Mvulana "naam", msichana "abee". Dada yangu alihamia kwa shangazi mkoani akiwa na miaka tisa, akaitwa, akaitika "ee?" Shangazi hakumpiga. Aliita tena. "Ee?" Akaita tena. Mara ya saba dada akasema "abee", shangazi akamwambia, "Nilikuwa sina shida, nilikuwa natafuta ulipoiweka."

Mtu wa Chake

Huyo shangazi nampa salamu zangu. Zamani ilikuwa labeka, ni ileile labbayka wanayoitikia mahujaji. Wengine husema abee na bee zimekatwa humo. Mtu akikuita, wamwambia nipo kwa ajili yako. "Nini" maana yake wataka nini kwangu.

Kivu Yetu

Ndugu zangu, mimi ni wa Bukavu, mashariki ya Kongo, munisamehe Kiswahili changu, kule kwetu tunakisema kwa njia yetu. Nilitaka kuleta neno uungwana kwa sababu naona wote munalipita.

Kiswahili kilifika kwetu karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa, akina Tippu Tip, wakajenga vituo Nyangwe na Kasongo. Watu wao walijiita Wangwana. Ndiyo sababu Wazungu waliita Kiswahili cha kwetu Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Jambo ambalo mababu walikuwa wanacheka nalo ni hili: wengi wa wale Wangwana hawakuzaliwa waungwana. Walikuwa watu wa Manyema, wengine mateka, walichukuliwa vijana, wakavaa kanzu, wakajifunza kusalimia na kula kama watu wa pwani, kisha wakarudi kwa ndugu zao wakiitwa waungwana. Walipata jina kwa kuvaa na kwa kusema.

Kwa hiyo mimi ninauliza: hiyo ni adabu ama ni haya? Walikuwa wanaona haya ya nini, kama si ya pale walipotoka?

Aksanti.

Mhariri Njaa

Kivu, hili swali lako lingetosha uzi wake lenyewe.

Kwa wasiojua, muungwana mwanzo wake si mtu mpole. Ni mtu huru, asiye mtumwa. Ilikuwa daraja ya kuzaliwa nayo, na mtumwa angekuwa na adabu kuliko bwana wake bado asingeitwa muungwana. Soko la watumwa la Unguja likafungwa 1873, hali ya utumwa ikafutwa kisheria Unguja na Pemba 1897, pwani ya Kenya 1907. Neno likabaki bila kazi. Ukishakuwa huna mtumwa, muungwana ni nani? Ndipo nadhani ile "uungwana ni vitendo" inapata makali yake. Leo tunaisema kiulaini, mtu kakupisha kwenye daladala, "uungwana ni vitendo huo". Lakini isome kwa sikio la mtu wa mwaka 1900 ambaye babu yake alinunuliwa. Anamwambia aliyezaliwa juu: lete vitendo tuone.

Ustaarabu sitaki hata kuugusa sana. Kustaarabika ni kuwa kama Mwarabu, neno halijifichi. Lilipanda chati pwani enzi za masultani wa Unguja, likausukuma uungwana pembeni. Wapo wanaolikwepa kwa sababu hiyo. Mimi nalitumia, maana bibi yangu alilitumia kwa mtu anayefunga geti taratibu usiku, na huyo alikuwa Mmakonde.

Kuhusu haya ya wale Wangwana, Kivu, mimi naogopa kujibu. Naona kama umeshajibu.

Mwalimu wa Kilifi

Kuna na wanafunzi wangu wanaodhani adabu ya lugha ni kuficha tu: ajifungue badala ya kuzaa, aende haja badala ya lile jingine. Tunaiita tasfida, nyinyi huko mnasema tafsida, tusigombane leo. Nitawasomea kisa cha mzee na kope Jumatatu. Dada nesi, nina ruhusa yako?

Nesi wa Zamu

Ruhusa unayo mwalimu. Ila uwaambie na habari ya kiganja. Hiyo ya kiganja muhimu zaidi.

Mhariri Njaa

Wakuu, narudi na mrejesho.

Nilichotuma mara ya pili ni hiki. Kwa bibi: "Bibi aliikunja barua mara mbili, akaiweka chini ya mkeka. Mjukuu alipomtazama usoni, alikuwa amesawijika." Karatasi imebaki kwenye barua, mahali pake. Kwa mama nimeacha haya, nimeacha adabu, nimeacha tabia, nimeacha zote. Nimefikiria mama yangu angesema nini mtoto akiingia kwa watu vile, na angesema: "Hodi umeiacha wapi?" Dogo, shangazi yenu ndiye kanipa hiyo.

Majibu yameingia leo saa nne asubuhi. Sawijika limepita. Wino mwekundu umeangukia kwenye hodi. Wanasema kifungu hakieleweki, mtu hawezi kuacha hodi mahali, niweke "Kwa nini hukubisha mlango?"

Mtu wa Chake

Huyo aliyeikata hodi mpe njia ya kufika kwangu. Aje Chake, aingie nyumba ya mtu saa saba mchana bila kuisema, mwenye nyumba yuko uani na upande mmoja wa kanga. Kisha atuandikie mwenyewe neno la uso wake ulivyokuwa.